Kupanga safari ya jangwani kwa kufuata majira

Safari ya jangwani huamuliwa na tarehe. Ukienda mwezi unaofaa, hema la kawaida, maji ya kutosha na gari lililokaguliwa vizuri vitakutosha. Ukienda mwezi usiofaa, hata vifaa vya bei ghali havitakuongezea zaidi ya saa chache za kutembea kwa siku, na tatizo dogo kama kupotea njia kwa saa mbili linaweza kugeuka kuwa la kufa na kupona. Kwa hiyo tunaanza na kalenda. Vifaa vitafuata.

Hatua ya 1: Tambua aina ya jangwa unalokwenda

Jangwa hutambuliwa kwa ukame, si kwa joto. Kipimo kinachotumika sana ni mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka, ndiyo maana hata Antaktika huhesabiwa kuwa jangwa. Usidhani basi kwamba ushauri uliomfaa aliyekwenda Sahara utakufaa Gobi.

Majangwa ya joto ni kama Sahara, Rub' al-Khali ya Uarabuni, Mojave na Sonora za Amerika ya Kaskazini, Thar iliyoko India na Pakistan, na nyanda kame za katikati ya Australia. Huko msimu wa joto ni hatari, na msimu wa baridi una mchana mzuri na usiku wa baridi kali kuliko wageni wanavyotarajia.

Gobi ni jangwa la baridi. Liko mbali na bahari, tena juu, na usiku wa Januari unaweza kushuka hadi nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri na zaidi, ilhali mchana wa Julai hupita nyuzi 35.

Namib na Atacama ni majangwa ya pwani. Mikondo ya maji baridi, Benguela upande wa Afrika na Humboldt upande wa Amerika ya Kusini, hupoza hewa ya chini na kuizuia isipande kuleta mvua. Matokeo yake ni ukungu na hali ya ubaridi karibu mwaka mzima ufukweni, lakini ukiingia bara kilomita 60 tu unakuta hali nyingine kabisa. Atacama ina jambo jingine la kuzingatia: mwinuko. Mji wa San Pedro uko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na chemchemi za mvuke za El Tatio ziko karibu mita 4,300, ambako asubuhi huwa chini ya sifuri na mtu aliyefika jana kutoka pwani huumwa kichwa na kutapika kwa upungufu wa oksijeni. Lala usiku mbili kwenye mita 2,400 kwanza, kisha ndipo upande.

Kuna pia nyanda za chumvi na matope makavu, kama Chalbi kaskazini mwa Kenya na Makgadikgadi nchini Botswana. Hapo kinachoamua safari ni mvua. Uwanda unaobeba lori wakati wa ukavu humeza gari dogo hadi ekseli baada ya mvua, na ganda la juu huonekana kavu siku nyingi kabla tope la chini halijakauka.

Hatua ya 2: Soma takwimu za miaka mingi, si wastani wa mwezi peke yake

Tafuta wastani wa miaka 30 (kipindi kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020) wa kituo cha hali ya hewa kilicho karibu na njia yako. Andika mambo matano kwa kila mwezi unaoufikiria: joto la juu la mchana, joto la chini la usiku, kiwango cha juu kilichowahi kurekodiwa, idadi ya siku za mvua, na kasi ya upepo.

Wengi huangalia wastani wa saa 24 na kudanganyika. Mwezi wenye wastani wa nyuzi 22 unaweza kuwa na mchana wa 32 na usiku wa 12, au mchana wa 36 na usiku wa 8. Hewa ya jangwani haina unyevu wala mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisitoroke angani, hivyo jua likizama joto hushuka upesi. Tofauti ya nyuzi 15 hadi 20 kati ya mchana na usiku ni ya kawaida. Saa yenye joto kali huwa kati ya saa 9 na saa 11 alasiri, na yenye baridi zaidi ni karibu na macheo, muda ambao wasafiri wengi wako nje wakisubiri jua lichomoze juu ya matuta.

Kumbuka kipimajoto cha kituo kimewekwa kivulini, kama mita moja na nusu juu ya ardhi. Mchanga wenyewe huwa na joto kali zaidi. Huko Death Valley, Marekani, ardhi ilipimwa ikafika nyuzi 93.9 mwaka 1972, mahali ambapo rekodi ya hewa ni nyuzi 56.7, ya Julai 1913. Mtoto na mnyama wako karibu na ardhi kuliko wewe, kwa hiyo joto wanalolipata si lile unalolisoma kwenye simu.

Kisha rekebisha mwinuko. Kwa kukadiria, punguza nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda juu ya kituo. Ikiwa kituo kiko mita 600 na kambi yako iko mita 1,600, usiku wa nyuzi 8 unageuka kuwa karibu nyuzi 2, na hapo hujaongeza upepo.

Hatua ya 3: Chagua mwezi

Kabla ya yote, hakikisha unajua jangwa liko upande gani wa ikweta. Desemba ni msimu wa baridi Sahara na ni msimu wa joto kali Australia na Kalahari.

- Sahara ya kaskazini (Moroko, Algeria, Tunisia, Misri): Oktoba hadi Aprili. Desemba na Januari usiku hukaribia sifuri.
- Sahara ya kusini: Novemba hadi Februari. Huko joto hufikia kilele Mei na Juni, kabla ya mvua za Julai hadi Septemba.
- Rub' al-Khali na majangwa ya Ghuba: Novemba hadi Machi mwanzoni.
- Bonde la Danakil, Ethiopia: Novemba hadi Februari. Dallol, iliyo ndani ya bonde hilo, iko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, na hakuna mwezi wenye ubaridi wa kweli.
- Chalbi: Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Epuka Machi hadi Mei na mvua za mwisho wa mwaka.
- Namib na Kalahari: Mei hadi Septemba. Juni na Julai Kalahari hupata barafu alfajiri.
- Thar: Novemba hadi Februari.
- Gobi: Juni na Septemba. Mvua chache za Gobi huangukia zaidi Julai na Agosti.
- Mojave na Sonora: Novemba hadi Machi.
- Atacama: Aprili na Mei, au Septemba hadi Novemba. Januari na Februari nyanda za juu hupata mvua na radi, na barabara hukatika.
- Katikati ya Australia: Mei hadi Septemba.

Ukibaki na miezi miwili inayolingana, chagua yenye usiku wa baridi kuliko yenye upepo. Baridi ina dawa: nguo na blanketi. Upepo wa mchanga hauna dawa. Huharibu chakula, kamera, usingizi na macho, na hakuna cha kufanya zaidi ya kukaa ndani.

Angalia pia urefu wa mchana. Kwenye latitudo ya 30, mchana wa Desemba una saa 10 na dakika chache tu, wakati wa Juni una saa 14. Ratiba inayodai saa 7 za kuendesha na saa 4 za kutembea haitoshei katika mchana wa Desemba, na kuendesha usiku nje ya barabara ndiko kunakotumbukiza magari makorongoni. Kama lengo ni nyota, panga usiku wako wa jangwani katika siku tano za kila upande wa mwezi mwandamo. Kama unataka kutembea usiku bila tochi, panga karibu na mwezi mpevu.

Hatua ya 4: Jua upepo wa msimu huo

Karibu kila jangwa lina upepo wake wenye jina na wakati wake. Misri kuna khamsini, kati ya Machi na Mei, ambao huleta vumbi na kupandisha joto kupita nyuzi 40 kwa siku moja au mbili. Afrika Magharibi kuna harmatani, Novemba hadi Machi: mkavu, wenye ukungu wa vumbi unaofuta upeo wa macho na kupasua midomo. Iraq, Kuwait na Ghuba wana shamali, mkali zaidi Juni na Julai. Sudan hupata habubu, ukuta wa vumbi unaotangulia mvua ya radi, katika miezi ya Mei hadi Septemba, na Arizona huupata wakati wa mvua zake za Julai na Agosti. Gobi hurusha vumbi lake Machi hadi Mei. Pwani ya Namib, upepo wa mashariki hushuka kutoka nyanda za juu katikati ya msimu wa baridi na kugeuza siku ya ukungu kuwa siku ya joto na mchanga.

Mchanga mkavu huanza kuruka upepo unapofika kilomita 20 hadi 25 kwa saa. Utabiri ukisema 40, usipige hema juu ya matuta. Tafuta uwanda wa changarawe au kinga ya mwamba.

Ukuta wa vumbi ukikukuta ukiendesha, toka barabarani kabisa, mbali na lami. Simamisha gari, vuta breki ya mkono, ondoa mguu kwenye breki na uzime taa zote. Wengi huwasha taa za dharura wakidhani zinawalinda. Dereva wa nyuma asiyeona kitu huzifuata akiamini wewe bado uko njiani, na hukugonga. Subiri ukiwa umefunga mkanda. Kuta za aina ya habubu kwa kawaida hupita ndani ya saa moja, lakini vumbi la shamali linaweza kudumu siku tatu, kwa hiyo ratiba ya miezi hiyo iwe na siku za ziada.

Hatua ya 5: Tafuta mvua mahali usipokuwepo

Hili ndilo jambo ambalo wageni hulidharau zaidi. Mvua ya jangwani ni chache, lakini ikija huja kwa fujo, na ardhi iliyookwa na jua kwa miezi haiwezi kunywa maji yote. Agosti 20, 2023, Furnace Creek ndani ya Death Valley ilipata karibu milimita 56 kwa siku moja, zaidi ya inavyopata kwa wastani wa mwaka mzima. Maji hayo hayakubaki yalipoangukia. Yalishuka makorongoni yakabomoa barabara, na hifadhi ikafungwa kwa wiki kadhaa.

Hatari kubwa ni kwamba mafuriko husafiri. Agosti 12, 1997, watalii 11 walikufa ndani ya korongo jembamba la Lower Antelope, Arizona, kwa maji ya mvua iliyonyesha kilomita nyingi juu yao. Kwa hiyo:

1. Kwenye ramani, fuata kila korongo na mto mkavu utakaouvuka hadi chanzo chake. Andika jina la mlima au uwanda ulioko juu.
2. Angalia utabiri wa huko juu, si wa kambi yako tu. Radi zikitabiriwa popote katika eneo linalomwaga maji kwenye korongo lako, usiingie.
3. Usilale ndani ya mto mkavu, hata kama mchanga wake ni laini na una kivuli cha miti. Miti hiyo imeota hapo kwa sababu maji hupita hapo. Angalia vijiti na nyasi zilizonasa kwenye matawi na kuta: hicho ndicho kimo cha mafuriko ya mwisho. Lala juu zaidi ya alama hiyo.
4. Ukiwa korongoni na ukasikia mngurumo, ukahisi upepo wa ghafla, au ukaona maji safi yakibadilika kuwa ya tope, panda juu mara moja. Acha mizigo. Usikimbie kufuata bonde kwenda chini.
5. Usivuke maji yanayokwenda. Sentimita 15 za maji ya kasi humwangusha mtu mzima, sentimita 30 huinua gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi hata yale marefu. Jangwani maji mengi hupungua ndani ya saa chache. Zima injini usubiri.

Mara nyingine utaona mvua ikining'inia chini ya wingu bila kufika ardhini. Matone hukauka njiani, na hewa inayopozwa na mkauko huo huanguka kwa nguvu na kutawanyika kama upepo mkali wa ghafla. Wingu la namna hiyo likikaribia, shusha hema na uingie garini. Gari lenye paa la chuma ndilo kinga yako dhidi ya radi kwenye uwanda ambako wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya maji kabla ya hesabu ya kitu kingine

Kiwango cha chini kabisa ni lita 4 za kunywa kwa mtu kwa siku, na hicho ni cha msimu wa baridi kwa mtu asiyefanya kazi nzito. Mchana ukifika nyuzi 35 na unatembea, weka lita 6 hadi 8. Mtu anayepanda mchanga juani anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa, na hatajua, kwa sababu hewa kavu hulikausha jasho kabla halijalowanisha shati.

Mfano: watu 4, siku 3, msimu wenye mchana wa nyuzi 30. Lita 5 za kunywa na 2 za kupikia na kunawa ni 7 kwa mtu, yaani 7 × 4 × 3 = lita 84. Akiba ya siku mbili za kukwama: 5 × 4 × 2 = lita 40. Za rejeta: lita 10. Jumla ni lita 134, sawa na madumu saba ya lita 20, na uzito wa zaidi ya kilo 130. Uzito huo uwekwe chini na katikati ya gari, usiwe juu ya paa. Gawa maji katika vyombo vingi, kwa sababu dumu moja kubwa likitoboka safari imekwisha. Kisima kilichochorwa kwenye ramani usikihesabu mpaka mwenyeji akuthibitishie mwezi huo kwamba kina maji.

Anayetembea kwa miguu akibeba maji yake mwenyewe hufika mwisho wa uwezo kwenye lita 8 hadi 10. Hiyo ni siku moja, mbili kama kuna baridi. Zaidi ya hapo unahitaji ngamia, gari la kukupokea, au maji yaliyofukiwa mapema na kuwekewa alama.

Kunywa kidogo kidogo, glasi moja kila dakika 15 hadi 20 unapofanya kazi kwenye joto, na usipite lita moja na nusu kwa saa. Kuna wanaoanguka kwa kunywa maji mengi matupu bila chumvi: chumvi ya damu hupungua, kichwa kinauma, wanatapika, wanachanganyikiwa, na wenzao wakidhani ni kiu huwaongezea maji. Kula vitu vyenye chumvi kila unapopumzika. Beba pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini, au changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usizidishe chumvi.

Hatua ya 7: Panga siku kwa kufuata jua

Amka kabla ya macheo, anza kutembea saa 12 asubuhi, na katika miezi ya joto uwe kivulini ifikapo saa 4 asubuhi. Endelea tena baada ya saa 10 alasiri. Huko Kata Tjuta, Australia, sehemu ya njia ya Valley of the Winds hufungwa saa 5 asubuhi utabiri ukifika nyuzi 36. Ni kanuni nzuri ya kujiwekea hata mahali ambako hakuna askari wa hifadhi.

Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na siku mbili tatu za mwanzo ndizo hatari zaidi. Anayetoka kwenye baridi aweke matembezi mafupi mwanzoni mwa safari na yale marefu mwishoni, hata kama kampuni ya safari imeyapanga kinyume.

Wafundishe wote kundini dalili hizi. Kizunguzungu, jasho jingi, kichefuchefu na misuli kukaza maana yake ni kusimama, kivuli, kulegeza nguo, na maji yenye chumvi. Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba au kupoteza fahamu, hicho ni kiharusi cha joto na ni dharura, awe anatoka jasho au hatoki. Mpoze hapo hapo kabla ya kufikiria kumsafirisha: mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, weka vitambaa vya maji shingoni, makwapani na kwenye kinena. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Maji ya rejeta, ya kunawa, yoyote yale yatumike kumpoza.

Hatua ya 8: Nguo na malazi

Mchana vaa shati pana la mikono mirefu, suruali pana, kofia ya pama au kilemba, na miwani inayoziba pembeni. Nguo pana huweka kivuli juu ya ngozi na kuacha upepo upite. Kifua wazi hukausha jasho haraka lakini huongeza joto la jua moja kwa moja. Krimu ya kuzuia jua ipakwe kila saa mbili, pamoja na chini ya kidevu na ndani ya pua, maana mchanga huakisi mionzi kutoka chini.

Kwa usiku, chukua mfuko wa kulalia uliopimwa kwa nyuzi 5 chini ya kiwango cha baridi unachotarajia, na godoro la kuzuia baridi ya ardhi. Hewa baridi ni nzito na hutiririka hadi bondeni, hivyo usilale kwenye shimo kati ya matuta. Mita 10 hadi 20 juu yake, upande uliokingwa na upepo, pana joto zaidi. Kama utapikia gesi na usiku unashuka chini ya sifuri, usinunue mtungi wa butani pekee, kwani hauwaki vizuri kwenye baridi hiyo. Chukua mchanganyiko wenye propani. Simu na betri zilale nawe ndani ya mfuko.

Vigingi vya kawaida vya hema havishiki mchangani. Chukua mifuko midogo, ijaze mchanga, funga kamba katikati, uifukie kwa kulaza kina cha sentimita 30 hadi 40. Mlango uelekee upande ambao upepo hautoki.

Hatua ya 9: Gari

Nenda na magari mawili. Kama ni moja tu, baki kwenye njia zinazopitwa na wengine kila siku.

Pima upepo wa tairi asubuhi kabla ya kuendesha, kwa sababu joto la mchana na la mwendo huongeza psi (kipimo cha upepo wa tairi) kadhaa na kukudanganya. Ukiingia mchanga laini, shusha kutoka psi 32 hadi kama 16, na upunguze mwendo; tairi laini huchomoka kwenye rimu kwenye kona kali. Ukirudi kwenye lami jaza tena kabla ya kuongeza mwendo, vinginevyo tairi litapata moto na kupasuka. Hii ina maana pampu ya upepo ni kifaa cha lazima, pamoja na spea mbili, koleo, mbao au vibao vya kukwamulia, kamba ya kuvutia, mkanda wa feni na fyuzi za ziada. Mchanga huongeza matumizi ya mafuta kwa theluthi hadi nusu, kwa hiyo zidisha makadirio yako ya barabarani kwa 1.5.

Vuka matuta asubuhi mchanga ukiwa na ubaridi na umeshikana. Simama ukielekea mteremko. Ukikwama, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja, kwani kila mzunguko wa tairi unachimba kaburi la gari. Fukua mbele ya magurudumu yote manne, shusha upepo hadi psi 12, weka vibao, toka taratibu.

Gari likiharibika kabisa, baki nalo. Wanaoondoka kwa miguu kutafuta msaada mchana ndio wanaokutwa wamekufa, mara nyingi wakati gari lao limeshapatikana likiwa na maji ndani. Gari linaonekana kutoka angani, lina kioo cha kuashiria, na kivuli chake ndicho pekee ulicho nacho. Usikae ndani, chimba kidogo upande wa kivuli na ulale hapo.

Hatua ya 10: Siku saba za mwisho

Siku ya 7: angalia mwelekeo wa jumla wa utabiri, uhakikishe vibali na hali ya barabara kutoka ofisi ya hifadhi au wilaya. Nchi nyingine hutoza faini kwa anayeendesha kwenye njia iliyofungwa baada ya mvua, kwa sababu nyayo moja ya gari kwenye tope hubaki miaka.

Siku ya 3: utabiri wa joto sasa unaaminika. Wa radi bado unaaminika kwa eneo pana tu, si kwa korongo fulani. Andika kwenye karatasi mipaka yenu na wote waikubali kabla hamu ya safari haijapanda. Mfano: ikifika nyuzi 38, hakuna kutembea baada ya saa 4 asubuhi; ikifika nyuzi 42, matembezi yote yafutwe; kukiwa na radi juu ya chanzo cha korongo, njia mbadala; upepo ukifika kilomita 50 kwa saa, kuahirisha siku moja.

Siku ya 1: mwachie mtu ambaye hasafiri nanyi ramani yenye njia, namba za magari, idadi ya watu, kiasi cha maji, na saa ambayo akiwa hajasikia kutoka kwenu apige simu ya uokoaji. Mpe namba yenyewe, asianze kuitafuta siku hiyo. Simu ya kawaida itapoteza mtandao, hivyo kodi simu ya setelaiti au kifaa cha kutuma mahali ulipo, na kijaribu kikiwa nje chini ya anga wazi kabla ya kuondoka.

Asubuhi ya kuondoka, fungua tena utabiri wa mahali manne: mnapolala, sehemu ya juu kabisa ya njia, sehemu ya chini kabisa, na chanzo cha kila korongo mtakalovuka. Mpaka mmoja ukivukwa, tumieni njia mbadala au msubiri.